Katekista Aliyekataa Kutia Sahihi

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba moyo wangu ni mweusi alikuwa Katekista wetu. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa benchi la mbele kwenye darasa la komunyo ya kwanza, ndani ya kibanda cha mabati pembeni ya kanisa letu dogo la Chang'ombe, nyuma ya viwanda. Alichora mioyo mitatu ubaoni. Wa kwanza akaujaza chaki nyeupe mpaka vumbi likamwagikia viatu vyake. Huo, akasema, ni moyo wa mtakatifu. Wa pili akautia madoa. Wa tatu hakuutia kitu, aliuacha mweusi kama ubao wenyewe ulivyo. Kisha akaugonga kwa rula.

"Na huu ndio wako wewe unayecheka."

Nilikuwa nacheka kweli. Mwenzangu wa pembeni alikuwa ameninong'oneza kwamba ule wa tatu unafanana na mie. Nikaitazama mikono yangu, halafu nikamtazama yeye. Katekista alikuwa mweusi kunishinda, mweusi wa kung'aa, na vile vidole vyake vyenye chaki vilikuwa kama vya mtu aliyetoka kukanda unga. Nilitaka kumwuliza yeye moyo wake aliufanyaje mpaka ukawa mweupe. Sikuuliza. Darasani kwake aliyeuliza alipiga magoti.

Nimemjua kwa zaidi ya miaka thelathini, na simtaji jina kwa sababu hatukuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa Katekista kwa waumini, Katekista kwa mwenye genge la mboga, Katekista hata kwa Waislamu wa mtaani waliompisha njia akipita na Biblia yake yenye jalada la plastiki. Nikimkumbuka, kinachonijia kwanza ni kinyaa. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani nimeficha. Nimejaribu kukiondoa kwa kusali, na kwa muda mrefu nilijaribu kukiondoa kwa kutokwenda kanisani kabisa, na bado kipo.

Alivaa shati jeupe la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka kooni hata kwenye joto la Februari, na kwenye mfuko wa kifuani kalamu mbili, nyekundu na ya buluu. Mfuko wa suruali ulikuwa na leso. Kila Jumapili alisimama mlangoni kuwapa watu mikono wakiingia misani, na wakishapita mafundi, vibarua wa viwandani na mama zetu wauza dagaa, alitoa ile leso akafuta kiganja chake, taratibu, kidole kimoja kimoja. Wala hakujificha. Mtu akimwangalia anasema, "Viwandani kuna grisi." Lakini ilikuwa Jumapili. Watu walikuwa wameoga, baba yangu alikuwa ananuka sabuni ya mche. Wakija wageni Wazungu, leso ilibaki mfukoni mpaka misa inaisha.

Mzungu wetu wa kudumu alikuwa Bruda, mtawa mmoja mrefu aliyefundisha useremala kwenye chuo cha ufundi jirani na kanisa. Alikuwa amekaa nchini zaidi ya miaka ishirini, mingi akiwa bara, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kabisa, chenye lafudhi ya watu wa huko. Lakini Katekista akizungumza naye, alikuwa anakivunja Kiswahili chake mwenyewe. Mwalimu mzima, mtu aliyetuchapa kwa kusema "mtoto zangu", akimwona Bruda anainama kidogo na kusema, "Bruda, wewe kuja kwetu, sisi furaha mingi."

Siku moja Bruda akamwuliza mbele ya watu, "Katekista, mbona unaongea hivyo? Jino linakuuma?"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Katekista naye akacheka, akafuta macho. Jumapili iliyofuata akamkaribisha vilevile: "Bruda, wewe kaa hapa, mbele, kiti zuri."

Akimtambulisha Bruda kwa wageni alikuwa na sentensi yake moja ambayo hakuichoka. "Huyu ni Mtanzania kuliko Watanzania." Watu walipiga makofi. Mie pia nilipiga. Bruda alikuwa mtu mwema na wala hakuitafuta hiyo sifa, mara nyingi alitazama chini ikitajwa.

Na Katekista aliipenda nchi hii, hilo siwezi kumnyang'anya. Ikifika sikukuu ya Uhuru aliweka bendera upande wa kulia wa altare, akatusimamisha tuimbe wimbo wa taifa kabla ya misa, mikono chini, na ole wa mtoto atakayejikuna. Alituambia Mungu ameichagua Tanzania kwa sababu hapa hapana kabila na hapana rangi. Akifika kwenye ubeti wa pili sauti yake ilikatika, machozi yakamtoka. Hakuwa anaigiza. Nimewaona watu wengi wakilia kanisani ili waonekane, na yeye hakuwa mmoja wao. Baada ya wimbo huo huo alipanga watoto wa igizo la Noeli, akatutazama sura kama mtu anayechagua nyanya. Maria alikuwa kila mwaka binti mmoja mweupe, nywele zake laini, ambaye hakujua hata kushika mstari mmoja. Mie nilikuwa shetani. Miaka mitatu mfululizo. Mama alinishonea mkia wa kamba ya katani.

"Getruda ananifaa sana," Katekista aliwaambia wazazi, "wala hatuhitaji kumpaka masizi."

Kila mtu alicheka. Mama yangu alicheka pia. Nilimwangalia akicheka nikiwa nimeushika mkia wangu mkononi.

Hilo jina Getruda ni la kwake. Baba na mama walinipeleka kubatizwa wakiwa na jina la bibi mzaa baba, jina la Kimakonde. Mama alinisimulia kwamba Katekista aliinua kalamu kutoka kitabuni akauliza, "Hilo ni jina la mtu au la mti?" Halafu akaandika jina alilolitaka yeye, kwa wino wa buluu, akawaambia wazazi wangu wafurahi, ni la mtakatifu mkubwa wa Ulaya.

Lakini ulikuja pia ule mwaka ambao mama alijifungua mdogo wangu akatokwa na damu nyingi. Hospitalini wakasema hawana damu ya kundi lake, tutafute watu. Baba alikuwa Mwenge, kwenye kibanda chake cha uchongaji, hana habari. Nilikimbia kanisani, Katekista akaacha kipindi katikati. Alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu, akawakusanya wanaume wanane wa kwaya, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kulala kitandani na kunyoosha mkono. Walipomwambia umri wake umezidi kidogo aligomba nao mpaka wakamtoa damu. Mama aliishi miaka saba zaidi. Kwa hiyo kila nikitaka kumchukia kwa raha, nakumbuka ule mkono wake mwembamba umefungwa plasta na yeye anakunywa soda kwa mrija kama mtoto. Inaniudhi. Ningependa awe mtu mbaya tu.

Baba yangu alikuwa na chale usoni, mistari iliyopinda kwenye mashavu na kwenye paji, kama ilivyokuwa kwa Wamakonde wa rika lake. Katekista hakuzipenda. Askofu akitarajiwa, alimwomba baba akae nyuma, karibu na mlango. "Si kwa ubaya, mzee, ni utaratibu." Wakija vijana wa Kizungu na kamera zao, alikuwa anamfuata huko huko nyuma na kumshika mkono. "Mzee, njoo mbele upigwe picha. Wageni wanapenda." Na baba alikwenda. Alisimama chini ya jua la saa saba, mikono pembeni, akapigwa picha, akarudi kwenye benchi lake la mlangoni.

Nilimwuliza siku moja kwa nini anakubali. Akasema, "Sasa nikatae halafu iwe nini?"

Mwaka uliofuata kifo cha mama, baba alianza kuchonga Yesu. Alipata gogo la mpingo zuri, akalifanyia kazi kwa miezi, jioni baada ya kumaliza vinyago vya wateja. Nilikuwa namsaidia kupiga msasa. Yule Yesu alikuwa na mbavu zinazohesabika, midomo minene, kichwa kimeanguka upande kama cha mtu aliyetoka zamu ya usiku kiwandani. Baba alimfunga kwenye kanga ya mama, tukampandisha bajaji mbili kutoka Mwenge mpaka Chang'ombe, tukamweka mezani mbele ya Katekista.

Katekista aliizunguka ile meza.

"Mzee, umefanya kazi kubwa," akasema. "Lakini hatuwezi kuwawekea watu hii. Yesu hakuwa mtu wa kwenu."

"Na huyo aliyepo," baba akauliza, akionyesha kwa kidevu Yesu wa plasta ukutani, mwenye macho ya buluu na ndevu za rangi ya asali, "huyo alikuwa wa kwao nani?"

"Huyo ndiye tunayemjua."

Yesu wa baba akawekwa stoo, pamoja na mifagio na ndoo za kudekia. Baba hakwenda kumdai. Ikapita miaka miwili, Bruda akastaafu, akatangaza anarudi kwao Ulaya. Siku ya kumuaga, baada ya hotuba na pilau, Katekista akaleta kitu kirefu kimefungwa kitambaa chenye rangi za bendera. Akakifungua mbele ya wote. Alikuwa Yesu wa baba, amepakwa rangi ya viatu ili ang'ae.

"Bruda," akasema, "hii ni zawadi kutoka moyo wa taifa letu. Ni utamaduni halisi wa Mtanzania."

Bruda alimshika yule Yesu kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda. "Amechonga nani?"

"Watu wetu wa pale Mwenge," Katekista akajibu.

Baba alikuwa amekaa benchi la nne. Sahani ya pilau ilikuwa mapajani kwake. Nilimgusa kiwiko ili asimame, aseme ni yeye. Aliendelea kula, punje moja moja, akitazama sahani. Nami nilikuwa na mdomo, nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na tatu, na sikusema. Nilipiga makofi na wengine. Bruda akaondoka naye kwenye ndege, na hata leo sijui yuko kwenye ukuta gani.

Halafu ikaja habari ya vitambulisho vya taifa. Mtaa mzima ulipanga foleni. Baba alifika dirishani, karani akamtazama usoni, akamwuliza, "Mzee, wewe umetokea wapi?" Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakaja kukata mkonge. Yeye alizaliwa upande huu, akabatizwa misheni ya huku huku kusini, lakini kitabu cha ubatizo cha misheni ile kilikuwa kimeliwa na mchwa. Karani akampa fomu. Alete mtu mzima wa kuaminika anayemjua tangu utotoni, atie sahihi.

Hatukuhangaika kufikiri. Katekista alikuwa mwalimu kijana kwenye misheni ile ile kabla hajahamia Dar. Alikuwa anatusimulia mwenyewe, na kila aliposimulia alicheka: "Mimi ndiye niliyemfundisha baba yenu ishara ya msalaba. Alikuwa anaanza na mkono wa kushoto, nampiga, anaanza tena na wa kushoto!" Kanisa zima liliijua hadithi hiyo.

Tulikwenda ofisini kwake Jumanne, baada ya misa ya asubuhi. Baba alivaa koti.

"Shikamoo Katekista," nikasema.

"Marahaba. Kaeni."

Baba akaweka fomu mezani. "Wanataka mtu anayenijua tangu mdogo. Nikasema, nani mwingine zaidi yako."

Katekista aliisoma mara mbili, akifuata mistari kwa kalamu nyekundu. "Wazazi wako walizaliwa wapi?"

"Ng'ambo. Unajua."

"Basi."

"Basi nini? Mie nimezaliwa huku. Wewe ulikuwepo."

"Nilikukuta ni mtoto. Sikuwepo siku uliyozaliwa."

Nikaingilia, "Lakini kila siku unatusimulia jinsi ulivyo—"

"Getruda, yale ni mazungumzo. Hii ni karatasi ya serikali. Nikiweka jina langu hapa, nimeapa." Akamtazama baba mashavuni, kwenye zile chale, kisha akahamisha macho. "Watu wakiiona sura hii, na chini yake sahihi ya kiongozi wa kanisa, wataniuliza."

"Watakuuliza nini?" baba akasema.

"Wataniuliza."

Kulikuwa na feni inalia juu yetu. Baba akakohoa. "Angekuwa Bruda ungemtilia sahihi?"

"Bruda ni habari nyingine," akajibu, na nina hakika hakuona aibu yoyote, kwa sababu alilisema kwa upole, kama anamwelekeza mtu njia ya kwenda sokoni.

Baba akaikunja fomu mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Akasimama, akampa mkono. Akamshukuru! "Asante kwa muda wako, Katekista." Tulipofika mlangoni niligeuka. Leso ilikuwa imeshatoka.

Nilitapika nje, kwenye mtaro. Sisemi kwa mfano. Nilishika ukuta wa kanisa nikatapika chai ya asubuhi, na baba amesimama pembeni anasema, "Taratibu, mama, taratibu." Tangu siku ile sikukanyaga tena kanisani pale. Baba aliendelea kwenda, benchi lile lile la mlangoni. Nilipomgombeza alisema, "Kwani mie nakwenda kumwona yeye?"

Aliyetusaidia ni mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mama Zuhura, Mwislamu wa Kilwa aliyekaanga mihogo nje kwake. Hakusubiri tumalize kueleza.

"Lete hiyo karatasi." Akafuta mikono kwenye kanga. "Mie huyu mzee nimekaa naye ukuta mmoja miaka ishirini na nane. Kama yeye si Mtanzania, basi na mie nirudishwe Kilwa kwa miguu."

Alikwenda naye dirishani. Karani akamwambia haitoshi, hakumjua utotoni. Mama Zuhura akarudi naye mara ya pili, na ya tatu, akaenda naye mahakamani kula kiapo, mihogo yake ikalala siku tatu bila kukaangwa. Kitambulisho kilitoka baada ya mwaka na miezi. Picha ilikuwa mbaya, imefifia, chale hazionekani. Baba aliigeuza geuza kwenye mwanga akacheka. "Wamenifuta uso."

Miaka kadhaa baadaye akafariki. Kanisa lilimzika vizuri, kwaya iliimba. Katekista hakuwepo. Alikuwa ameshapata kiharusi, mwanawe amemchukua kwenda kukaa naye Kinondoni.

Mie sasa nina kibanda cha baba pale Mwenge, nauza vinyago wanavyochonga wengine. Mwezi uliopita alikuja msichana kununua bakuli la mti, tukazungumza, kumbe ni mjukuu wake. Akanibembeleza. "Dada, njoo umwone babu, anawataja sana watu wa Chang'ombe." Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikaenda, Jumamosi saa nne asubuhi, na sijui nilifuata nini. Labda nilitaka nimkute amekuwa mdogo.

Alikuwa amekuwa mdogo kweli. Amelala kwenye kitanda cha chuma sebuleni, upande mmoja wa uso umeshuka, lakini shati ni lile lile, jeupe, limefungwa mpaka kooni. Mjukuu akaniomba nibaki naye kidogo, yeye akimbilie duka la dawa.

"Shikamoo Katekista."

"Marahaba. Nani?"

"Getruda."

"Getruda wa nani?"

"Wa mchongaji. Wa Chang'ombe."

Alifikiri. Upande mzima wa mdomo ukatabasamu. "Aa. Mmakonde. Alirudi kwao?"

"Amefariki," nikasema. "Huu mwaka wa tatu. Amezikwa hapo hapo Chang'ombe."

Akafumba macho. Midomo ilikuwa inacheza, nikadhani anatafuta neno la kunipa pole. Nilikuwa tayari kulipokea. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshainama mbele kidogo kwenye kiti ili nilisikie vizuri.

"Walikubali?" akauliza.

"Nani?"

"Serikali. Walikubali azikwe hapa?"

Nilisimama. Nilifika mpaka mlangoni, nikaona korido tupu na geti limefungwa kwa nje, mjukuu bado hajarudi. Nyuma yangu akaanza kukohoa, kikohozi cha mtu asiyeweza kujigeuza. Nikarudi, nikamwinua shingo, nikamwegemeza kwenye mto mpaka kikatulia. Ngozi yake ilikuwa na joto. Sikutaka kumgusa na nilikuwa nimemshika.

"Hakuna aliyeuliza," nikamwambia.

"Vizuri," akasema. Alionekana kufurahi kwa kweli. Akainua ule mkono mzima. "Tumwombee."

Na akaanza sala ya marehemu, kwa sauti ile ile ya kanisani, haikupungua hata kidogo. Alipofika pa kutaja jina akasimama. Alinitazama kama ananiomba msaada, na mie nikakaza meno, nikasema moyoni, litafute. Hakulipata. Akaendelea: anamwombea kwa Mungu marehemu huyu, Mmakonde.

Kisha akangoja, kama alivyokuwa akitungoja darasani. Nikaitikia. Nikaitikia kila mstari mpaka wa mwisho, bila kukosea, nikafanya na ishara ya msalaba.

Mjukuu akaingia anahema, mfuko wa dawa mkononi. "Samahani dada, kulikuwa na foleni. Babu hajakusumbua?"

"Hapana," nikasema. "Tulikuwa tunasali."